Wavu wa Marlex kwa kano ya goti bandia iliyokatika: unafaa, hogo lisipofunguliwa mapema

Kano inayounganisha pia ya goti (kifupa cha mbele ya goti) na muundi (mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti) ikikatika baada ya goti bandia kuwekwa, kuishona tu mara nyingi hakudumu. Nyama ya pale imeshachoka, damu inayofika ni kidogo, na kila mgonjwa anapoinuka kitini msuli wa paja unauvuta mshono. Mguu haunyooki wenyewe, ngazi zinakuwa hatari. Kwa kano iliyokatika siku nyingi, au iliyoshonwa ikaachia, sisi tunauweka mbele wavu wa polipropilini (aina ya plastiki) wa Marlex, huohuo wanaoujua wapasuaji wa ngiri (henia).

Njia hii imetoka Mayo Clinic, Marekani. Browne na Hanssen waliichapisha mwaka 2011. Wavu wa takriban sentimita 25 kwa 35 unakunjwa mara 8 hadi 10 upate kuwa mkanda wenye upana wa sentimita 2 hadi 2.5, kisha unashonwa kwa uzi mnene usioyeyuka. Upande wa mbele wa muundi huchimbwa mfereji, ncha ya mkanda ikazamishwa humo kwa saruji ya mifupa, na skrubu ikapitishwa kukaza vyote pamoja.

Kazi ngumu iko juu. Misuli miwili ya paja, wa nje na wa ndani, lazima ibanduliwe kwenye makovu ya zamani mpaka ishuke bila kulazimishwa. Mkanda unapitishwa kwenye tundu la nyama ya upande wa nje ili usisuguane na bandia. Ukigusa chuma au plastiki utalika. Mguu ukiwa umenyooka kabisa, mkanda unashonwa kwenye msuli wa nje, kisha msuli wa ndani unavutwa juu yake na kushonwa, kama koti linalofungwa kwa kupishana. Wavu usibaki wazi chini ya ngozi hata kidogo. Na tafadhali, goti lisikunjwe mezani kujaribu mshono: mvutano uliopotea hapo haurudi.

Halafu hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia pajani, mguu umenyooka, wiki 10 hadi 12. Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapokata tamaa, na tunawaelewa, maana joto na mwasho vinachosha kweli. Lakini nyama inahitaji muda huo kuota na kupenya kwenye matundu ya wavu. Kabla ya hapo kinachoshikilia ni uzi peke yake. Wakati huo kisigino kikaguliwe, kidonda cha hogo huanza kimyakimya. Baadaye hufuata kifaa cha goti chenye bawaba, kinachofunguliwa kwa awamu hadi kufikia digrii 90. Anayekimbilia kukunja goti atapata mkunjo mzuri na mguu usionyooka.

Mbadala wake ni kano ya maiti iliyogandishwa. Inafaa pia, hasa pia ya goti ikiwa imeharibika kabisa, ila ina bei kubwa, inahitaji benki ya tishu, na huweza kurefuka kadiri miaka inavyopita. Kwa hospitali isiyo na benki hiyo, wavu ni rahisi zaidi kupatikana. Wapasuaji wachague ule mzito. Nyavu nyepesi zinazopendwa sasa kwa ngiri tusingeziweka gotini.

Kasoro zipo. Katika wagonjwa 13 wa mwanzo wa Browne na Hanssen, kwa 3 wavu uliachia mapema, na maambukizi nayo yalitokea. Goti lenye usaha lisiwekewe wavu mpaka maambukizi yaishe, kwa sababu ni kitu kigeni kingine cha bakteria kujificha. Bandia iliyowekwa ikiwa imegeukia ndani nayo irekebishwe kwanza, la sivyo pia ya goti itaendelea kuvutwa upande na kuudhoofisha mkanda mpya. Muulize daktari kama mkao wa bandia umepimwa kwa picha za CT kabla hujakubali upasuaji.