CAFE 5 kwa jenomu ya silikanti: inafaa, ila jedwali lisafishwe kwanza

Kwa wanaofuatilia jenomu (DNA yote ya kiumbe) hapa Tanga, swali la silikanti, samaki wa ukoo wa kale sana, haliishi: katika miaka zaidi ya milioni 400, familia zipi za jeni (makundi ya jeni zenye asili moja) zimeongezeka na zipi zimepukutika? Programu ya CAFE 5 hulijibu kitakwimu. Ni ya bure, ikishasakinishwa haihitaji bando, na spishi sita saba laptopu ya kawaida inazimudu. Huchukulia kwamba kila jeni ina kiwango kilekile cha kurudufiwa au kupotea, yaani lamda, kisha hukadiria idadi ya nakala kwa kila tawi la mti wa nasaba ya spishi.

Unaipa vitu viwili. Cha kwanza ni jedwali la idadi ya jeni. Lile la OrthoFinder, programu inayopanga jeni katika familia, halipokelewi lilivyo: futa safu wima ya mwisho ya jumla, weka ya Desc (maelezo ya familia) mwanzoni, majina ya spishi yafanane na ya kwenye mti herufi kwa herufi. Cha pili ni mti wenyewe, ncha zote zikiwa umbali sawa kutoka shinani, na mti wa OrthoFinder kwa kawaida hauko hivyo. Kisha: cafe5 -i idadi.tsv -t mti.nwk.

Ikigoma, shuku kwanza familia kubwa. Binadamu ana jeni za vipokezi vya harufu karibu 400. Samaki wengi hawafikishi hata nusu yake. Pengo kati ya spishi likiwa kubwa mno, hesabu ya uwezekano huweza kuporomoka na lamda isipatikane. Zitenge hizo, kadiria lamda kwa zilizobaki, halafu zirudishe ukiitaja lamda hiyo kwa -l.

Kasoro isiyopiga kelele ndiyo mbaya zaidi. Ukimweka Danio rerio (zebrafish, samaki mdogo wa maabara) kama samaki wa kulinganisha, umeingiza ukoo ambao jenomu yake yote ilirudufiwa kwa mkupuo. CAFE haina habari hiyo. Huona jeni moja moja zikizaliana, na lamda inavimba mti mzima. Lepisosteus oculatus (samaki aina ya gar), ambaye ukoo wake ulijitenga kabla ya tukio hilo, ni chaguo salama zaidi. Ukimng'ang'ania Danio, tawi lake lipewe lamda yake kwa -y.

Tena, jenomu ya silikanti iliyochapishwa 2013 iliungwa kwa vipande vifupi, kwa hiyo jeni moja iliyokatika huweza kuhesabiwa mbili. Bakiza protini ndefu kuliko zote kwa kila jeni, na uwashe -e ikadirie makosa ya hesabu. Hiki ndicho kipengele kinachoipa programu hii thamani yake.

Chaguo la -k, linaloruhusu familia kwenda kwa kasi tofauti, ni zuri lakini lina kigeugeu: rudia mara kadhaa, na lamda ikirukaruka usiiamini.

Kwenye matokeo, kumbuka kwamba kwa kizingiti cha p (uwezekano wa kutokea kwa bahati) cha 0.05, familia 10,000 zinaweza kukupa takriban 500 za bahati tu. Kishushe kwa -P 0.01, P ya herufi kubwa. -p ya herufi ndogo hubadilisha mgawanyo wa idadi shinani.