Nimeuza bodi mpya, nimebaki na kuukuu: uzoefu wangu wa bodi za tanga hapa Kigoma

Mnaoniulizia ile bodi fupi nyeupe ya tanga (ubao unaosimama juu yake majini, ukishika tanga usukumwe na upepo) niliyokuwa napiga nayo picha Bangwe, nimeiuza. Aliyeinunua ameipeleka Dar na huko baharini itamfaa. Mimi nimerudi kwenye lile jibodi refu la njano lililopauka, ambalo vijana wa Katonga wanaliita jeneza. Nimelitumia misimu mitatu, ile fupi msimu mmoja na nusu, na maji ya Tanganyika nimeyanywa kwa bodi zote mbili.

Jeneza nililipata Unguja nilipokuwa fundi wa injini za boti. Hoteli moja ilikuwa inasafisha stoo, nikauziwa bodi, mlingoti wa vipande viwili na matanga mawili kwa shilingi laki mbili. Urefu mita 3.7, uzito kilo ishirini na ushee, ganda la plastiki nene na povu ndani. Kazi ilikuwa kulifikisha Kigoma. Kwenye basi hakuna aliyetaka hata kuliangalia. Mwisho lilipanda fuso la dereva mmoja wa Ujiji, juu ya katoni za sabuni, na safari nzima watu wa vituo vya mafuta walikuwa wanampa pole kwa msiba.

Ukilitazama hilo jibodi unaona mchezo ulivyoanza. Mwaka 1964 Mmarekani mmoja wa Pennsylvania, Newman Darby, alitengeneza ubao wenye tanga lililokaa kama tiara, ukisimama unaliegemea. Lilitembea, ila halikushika soko. Baadaye huko California wakaja wawili, Jim Drake, mhandisi wa ndege, na Hoyle Schweitzer, mpenzi wa kuteleza juu ya mawimbi. Mwaka 1968 wakaomba hataza, yaani haki ya wavumbuzi, ya chombo chao, wakaipata 1970. Walichofanya fundi yeyote wa magari atakielewa mara moja: waliweka kitu kama krosi ya propela chini ya mlingoti. Mlingoti ukawa unalala upande wowote unaotaka, na wewe ndiye unayeushikilia kwa mpini unaozunguka tanga pande zote mbili. Usukani hakuna. Ukilaza tanga kuelekea omo (mbele), bodi inaukimbia upepo. Ukililaza kuelekea tezi (nyuma), inageukia upepo.

Uingereza hataza hiyo iliangushwa mahakamani miaka ya 1980, kwa sababu alipatikana mtu, Peter Chilvers, aliyewahi kuunda kitu cha namna hiyo kisiwani Hayling mwaka 1958 akiwa na miaka 12. Mtoto wa miaka 12! Kibirizi wapo watoto wa umri huo wanaofunga mfuko wa saruji kwenye kijiti na kuvusha mtumbwi, ila hakuna aliyewaambia waende mahakamani.

Bodi hizo za mwanzo zilikuwa za futi 12, za plastiki ya poliethilini, na zilikuwa na ubao wa kati unaopenya tumbo la bodi na kushuka majini, kazi yake ni ya mkuku, ule uti wa chini unaozuia chombo kuteleza kiubavu. Jeneza langu ni mjukuu wao. Huo ubao wa kati ndio nataka niuseme kwa kirefu, maana ndio ulioondolewa kwenye bodi nyingi zilizofuata, na ndio ulionifanya niuze ile nyeupe.

Hapa kwetu kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti, kusi huvuma vizuri, ila hauna adabu. Unakuja kwa nguvu nusu saa, halafu unakaa kimya kama mtu aliyekumbuka deni. Mchana upepo mwingine unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo ukitaka kutoka ufukweni ni lazima ubishe, yaani uende dhidi ya upepo kwa kupindapinda. Kubisha bila mkuku ni kujidanganya. Tanga linasukuma, bodi inateleza kiubavu, na baada ya dakika ishirini unajikuta umesukumwa na upepo mita mia mbili kutoka ulipoanzia. Jeneza ukilishushia ubao wake linakwenda joshi, yaani kuuelekea upepo, taratibu bila kinyongo, hata upepo wa kupepea kanga.

Sasa kwa nini waliuondoa? Sababu ni Hawaii. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vijana wa kule, wenye upepo mkali na mawimbi ya kuruka, waligundua kwamba bodi ikishika kasi, ule ubao wa kati unageuka kuwa bawa: unainua ubavu mmoja mpaka bodi inakupindua. Wakautoa. Wakafunga kanda za kuingizia miguu ili wasirushwe hewani, wakavaa mkanda wenye ndoano ili uzito wa tanga ubebwe na mwili badala ya mikono, wakaanza kukata urefu. Plastiki nzito ikapisha povu jepesi lililofunikwa faibaglasi na epoksi. Miaka ya 1980 zikatoka bodi ndogo kiasi kwamba ukisimama bila mwendo zinazama. Hazikuundwa zielee, ziliundwa zikimbie. Mwaka 1986 Mfaransa Pascal Maka alikwenda karibu kilomita 72 kwa saa huko Fuerteventura na kuchukua rekodi ya dunia ya kasi ya vyombo vyote vya tanga. Yote hayo juu ya kijibao na pezi moja nyuma.

Nilisoma hayo nikapagawa. Nikaweka akiba, nikanunua ile nyeupe Dar kwa milioni moja na laki mbili. Mita 2.5, ujazo lita 105, kilo saba tu. Nilikuwa naibeba kwa mkono mmoja kama trei ya mayai.

Hesabu niliyopaswa kuifanya dukani niliifanya nikiwa majini. Lita 105 kwenye maji ya ziwa yasiyo na chumvi zinabeba kilo 105. Mimi kilo 84, bodi saba, tanga na mlingoti kumi: 101. Zimebaki nne. Baharini chumvi ingeniongezea kilo mbili na nusu za bure, ziwani hakuna. Tena ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia kama saba kuliko ya Unguja, kwa hiyo upepo wa kasi ile ile unasukuma kwa nguvu ndogo zaidi. Mtu wa kilo 60 hatanielewa.

Siku kusi ulipokaza, nakiri, hakuna kitu kitamu kama hicho. Bodi inapanda juu ya maji, kelele za chini zinabadilika, miguu inaingia kwenye kanda, na milima ya upande wa Kongo inaonekana kama inakusogelea. Kuna wakati pezi linapoteza maji na tezi inaponyoka pembeni kama pikipiki kwenye tope, hiyo nayo unaizoea. Lakini nilihesabu: siku nzuri namna hiyo zilikuwa tisa kwa msimu mzima. Siku nyingine zote nilikuwa nimesimama magotini ndani ya maji nikivuta tanga.

Jioni moja upepo ulinifia nje ya Bangwe. Sikuweza kusimama wala kupiga kasia. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanatoka na taa zao, mzee mmoja akazima injini kando yangu.

"Mwanangu, hiki ni chombo au mlango wa choo?"

"Chombo, mzee."

"Basi kimekatwa tezi. Panda."

Nikalipia mafuta, na mpaka leo nikipita mwaloni wananiuliza choo changu kinaendeleaje.

Kuhusu matengenezo. Epoksi ni ganda jembamba kama la yai. Mlingoti uliangukia pua ya bodi, ukaacha ufa wa urefu wa kidole, nikaudharau. Baada ya mwezi niliipima: kilo tisa na kidogo, povu lilikuwa limekunywa maji. Nikatafuta rezini ya faibaglasi ya kawaida, ile ya poliesta, nikaimimina kwenye ufa. Jamani, msifanye hivyo. Rezini hiyo inakula povu la polistirini. Nilisimama pale nikitazama shimo linapanuka lenyewe. Inatakiwa epoksi peke yake, na hapa mjini sikuipata, niliagiza Dar nikasubiri wiki tatu.

Jeneza nalo halikubali gundi yoyote, poliethilini ndivyo ilivyo. Ila linakubali moto. Lilipotoboka kwenye mawe ya Katonga nilikata kipande cha dumu la njano la mafuta ya kula, nikapasha chuma, nikayeyusha kiraka kama tunavyoziba madumu na matenki. Nusu saa. Rangi hata haijulikani.

Kwa haki ya waundaji, hata wao hawakubaki kwenye vijibao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 bodi zikawa fupi lakini pana, nyingine karibu mita nzima, ili zipande juu ya maji kwa upepo mdogo na mtu wa kujifunza asimame bila kuyumba. Nikipata ya lita 180 yenye ubao wa kati, nitanunua. Kwenye Olimpiki nako mchezo huu uliingia 1984 na bodi ndefu, na ilipofika Paris 2024 walikuwa juu ya mabawa ya chini ya maji, na ikishika kasi bodi yenyewe haigusi maji. Hayo mabawa yananing'inia karibu mita moja chini. Kwa mawe yetu na nyavu zetu, wenyewe mtajaza.

Nyeupe naipa nyota mbili kwa Kigoma, nne kama uko pwani. Jeneza nyota nne. Ya tano inakatwa kwa uzito wake, maana kulipandisha kutoka majini peke yako ni adhabu.

Ukipata la mtumba kama langu, angalia kwanza ile krosi ya chini ya mlingoti. Ya kwangu ni ya mpira mnene. Ikunje kwa mikono kila mara kabla ya kuingia majini, utazame kama imeanza kupasuka pale inapojikunja. Ikikatika uko nje, tanga linakwenda upande wake na bodi upande wake. Mimi nimefunga kamba ya akiba kati ya mlingoti na bodi, na mpira wa pili natembea nao mfukoni mwa jaketi la kuokolea.