Steshenari hii wanajua jalada, mlinganyo mrefu hawaujui

Naandika hasira zikiwa bado juu. Steshenari hii ya huku Nyegezi, Mwanza, inajitangaza kwamba inachapa hesabu kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi na hesabu kwa amri. Nimewapelekea ripoti ya samaki wa ziwani, furu na sangara, na mlinganyo mmoja, ule uliobeba ripoti nzima, wameuvuruga.

Maandishi yalikuwa na upana wa sentimita 15: karatasi ya A4 ukitoa pambizo ya 3.5 upande wa gundi na 2.5 upande wa pili. Mlinganyo wenyewe una vipande vitano, hautoshi mstari mmoja, lazima ukatwe. Sawa. Ila mtu unakataje ndani ya mabano? Palipotakiwa kusomeka (1 − F/K), wameacha "(1 −" juu na "F/K)" wameishusha chini.

Halafu tazama hayo mabano. \left na \right, amri za mabano yanayojirefusha kufuata kilichomo, lazima zifunguliwe na kufungwa kwenye mstari uleule. Ukiweka \\, amri ya kukata mstari, katikati, programu inagoma. Mchapaji akaidanganya kwa nukta, yaani bano lisiloonekana: \right. juu, \left. chini. Ikakubali, lakini kila upande unapima urefu wa vilivyomo kwake tu. Juu mna 1 na alama ya kutoa, bano likatoka fupi. Chini mna sehemu F/K, bano likatoka refu. Na kwa kuwa baada ya ile alama ya kutoa hakuna kitu, imeganda kwenye 1 bila nafasi. Kama huna budi kukata hapo, andika \Bigl( na \Bigr), ukubwa uupange mwenyewe.

Na hapakuwa na ulazima wowote! Unakata nje ya mabano, kabla ya kujumlisha au kutoa, ili alama ianze mstari mpya na msomaji ajue mlinganyo unaendelea. Ndani ya split, amri ya kugawa mlinganyo mrefu, unaweka &= mstari wa kwanza, kisha \\ &\quad - kwenye wa pili (& inapanga mistari, \quad inaacha nafasi), nao unaanza kulia kidogo mwa alama ya sawasawa. Kazi ya dakika mbili.

Nisiwaonee: jalada ni imara, grafu zimetoka safi, bei haina shida. Nilishaamua kuwapa nyota tatu. Lakini yule kijana alipoonyeshwa kosa, karatasi hata hakuitazama. "Mwalimu, si vyote vipo? Hakuna kilichopotea."

Hakuna kilichopotea? F ni kiasi cha furu waliopo, K ndiyo kiasi cha furu ambacho ziwa linaweza kubeba. Ukiitenga F/K na ile 1 yake, anayesoma mstari wa chini anaona furu wanazaana bila kikomo, kadiri wanavyozidi ndivyo wanavyoongezeka. Hiyo ni kinyume kabisa cha ripoti!

Nyota moja. Nayo ni ya dada wa zamu ya jioni, aliyefungua faili, akafuta zile nukta, akaihamishia \\ kabla ya alama ya kutoa iliyo nje ya mabano, akachapa upya ukurasa ule bila kudai hela. Mkiwa na hesabu, nendeni jioni, mumuulizie yeye.