LibreOffice baada ya mwaka mzima wa kususia Microsoft: programu naipa nyota nne, mgomo wenyewe naupa mbili

Nianze na programu maana najua wengi ndo mnachotaka kusikia. LibreOffice ni mbadala wa Microsoft Office, yani Word, Excel na PowerPoint, ni bure, unaipakua, unaiinstoli na umemaliza, haikuombi akaunti wala imeli wala namba ya kadi, na hilo peke yake kwangu ni kubwa sana, nimechoka kuomba ruhusa ya kufungua barua niliyoiandika mwenyewe. Writer ndo ya kuandikia, Calc ya mahesabu, Impress ya slaidi. Mwaka mzima nimefanyia humo kila kitu, ripoti, bajeti, barua za kazi, na sijafika mahali nikasema hapa siwezi kuendelea. Calc inabeba mistari 1,048,576 kwenye shiti moja, sawasawa na Excel. Menyu zake za kizamani zikikukera ingia View, chagua muonekano wa tabo, baada ya siku mbili mkono unazoea. PDF inatoka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ukiwa unaandika peke yako na kuprinti mwenyewe, hii programu haina deni na wewe.

Shida inaanza pale mtu wa pili anapoingia.

Faili la docx, yani la Word, lililoandikwa kwa fonti ya Calibri ukilifungua huku linavaa Carlito, fonti iliyochongwa iwe na vipimo vilevile ili mistari isisogee, na kweli haisogei. Ila fonti ikiwa nyingine isiyo na mbadala wa namna hiyo, hapo jedwali linavuka ukurasa na nafasi ya saini inabaki peke yake kule mwisho. Makro za Excel, yani vile viprogramu vidogo vya kufanya kazi zenyewe ndani ya shiti, ndo kabisa, nyingine zinakubali nyingine zinagoma. Kama kazi yako inaishi kwenye mashiti yenye makro nzito ulizorithi kwa mtu alieacha kazi zamani, usijitese, baki ulipo.

Sasa nilichotaka kusema haswa. Mi niliingia huku kwa nia ya kususia, yani niliamini tukiacha kununua wengi, kampuni kubwa itasikia. Nusu ya kwanza ya mwaka niliishi na imani hiyo. Alafu nikapeleka maombi kwenye ofisi moja, wakanijibu faili lako limeharibika, tuma la Word. Halikuwa limeharibika, lilikuwa odt, aina ya faili ambayo LibreOffice huhifadhi yenyewe, na Word yenyewe inafungua odt tangu 2009, kilichotokea ni kwamba mtu aliona herufi tatu ngeni mwisho wa jina la faili akaogopa. Nikakaa nikafikiria, hivi mimi nimefungwa na nini? Bei siyo, nimeshaacha kulipa. Nimefungwa na kile ambacho mtu wa upande wa pili anategemea kukiona.

Ukiangalia nyuma utaona ndo ilivyokuwa siku zote. Tarehe 15 Februari 1999 watumiaji wa Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, walikwenda mpaka ofisi za Microsoft kule Foster City, California, kudai warudishiwe hela za Windows iliyokuja ndani ya kompyuta zao na ambayo hawakuitumia, na hawakuwa wanabahatisha, leseni yenyewe ilisema kama hukubaliani na masharti rudisha upate fedha yako. Wakaambiwa nendeni kwa waliowauzia kompyuta. Fikiria hapo. Mteja anataka kususia kitu ambacho kilishalipiwa kiwandani kabla hajaingia hata dukani! Na kabla ya makubaliano ya Microsoft na serikali ya Marekani ya 1994 kulikuwa na mikataba ambayo mtengenezaji alilipia leseni kwa kila kompyuta anayouza, hata ile isiyowekewa mfumo wa Microsoft. Utagomea vipi hapo, hela yako imeshaondoka na wewe hata hujui.

Kwahiyo mtu akiniambia tususie tu watakoma, namheshimu lakini namuuliza, unasusia nini haswa, na wewe ukiondoka nani anakosa hela?

Kuna mahali ilifanya kazi na nataka tupaangalie vizuri. Septemba 2023 Unity, ile injini ya kutengenezea magemu, walitangaza kwamba gemu likishavuka kiwango fulani, developa atalipia kila likiinstoliwa. Watu waliwaka. Baadhi ya studio za magemu ya simu zikazima matangazo ya Unity ndani ya magemu yao, yani wakakata bomba la hela lenyewe, wengine wakahamia injini nyingine, Godot na Unreal. Siku kumi tu kampuni ikalegeza masharti, Oktoba mkurugenzi mkuu John Riccitiello akaondoka, na Septemba 2024 ile ada ikafutwa kabisa. Siri yake ni nini? Waliosusa ndo walewale walioingiza hela, na walikuwa na pa kwenda. Linganisha na Adobe, wenye Photoshop, 2013 walipoacha kuuza leseni za kudumu kwa matoleo mapya ya programu zao wakaingiza watu kwenye malipo ya kila mwezi, makumi ya maelfu walisaini malalamiko, walikasirika kwelikweli, na kampuni ikaendelea mbele. Mbunifu angeenda wapi wakati mteja wake anatuma PSD, faili la Photoshop, mtu wa kuprinti anataka PSD na tangazo la kazi limeandika Photoshop? Hasira ilikuwepo, njia ya kutokea haikuwepo.

Firefox nayo ni mfano ninaoupenda. Internet Explorer, brauza ya Microsoft, ilikuwa bure kwahiyo hakukuwa na cha kuacha kununua, na miaka hiyo ilishika zaidi ya asilimia 90 ya watu. Firefox 1.0 ikatoka tarehe 9 Novemba 2004, mwezi uliofuata watu wa kawaida kama elfu kumi walikuwa wamechanga kulipia tangazo la kurasa mbili kwenye New York Times. Watu wakahamishana mmoja mmoja, kila mtu akamwekea mama yake na mjomba wake, mpaka wanaotengeneza tovuti wakashindwa kuendelea kuandika kwa ajili ya brauza moja. Hapo ndo ukuta ulibomoka. Inaniuma tu kwamba nafasi ile baadae aliikalia Chrome, tukawa tena na mkubwa mmoja.

Na hata serikali zinajifunza hilo. Jiji la Munich, Ujerumani, waliamua 2003 kuhamia Linux, wakahamisha kompyuta kama elfu 15, alafu 2017 baraza likapiga kura ya kurudi Windows. Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza na OpenOffice, programu ambayo LibreOffice ilitokana nayo, 2005, ndo 2008 wakaanza kuingia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na wao walibaki. Siwezi kusema ni sababu hiyo peke yake, ila naona akili kubwa kwenye kuanza na nyaraka kwanza kabla ya kugusa mashine. Uingereza wao Julai 2014 walisema nyaraka za serikali za kuhariri ziwe ODF, familia ya mafaili ambamo odt imo, za kusoma tu ziwe PDF au HTML, na nadhani tamko lile lina uzito kuliko mimi na wenzangu elfu kumi kukataa kununua.

Ndo maana mgomo wangu sasa nimeubadilisha. Sihesabu tena nimewanyima hela kiasi gani. Kitu cha kusomwa tu natuma PDF, cha kuhaririwa natuma odt na mstari mmoja wa maelezo kwamba Word inafungua. Ile ofisi niliwapigia, dada wa mapokezi nikamwambia, dada yangu, naomba ubonyeze mara mbili tu hilo faili kabla hujalifuta. Likafunguka. Akacheka, akaniuliza sasa mbona kila siku tunawarudishia watu?

Nyota nne basi, ya tano nimeizuia kwa sababu ya makro. Na ukishaiinstoli, utakutana na ushauri kila mahali kwamba ingia kwenye mipangilio ubadilishe ili kila kitu kihifadhiwe docx moja kwa moja. Nakuomba usifanye hivo. Acha ihifadhi odt kama ilivyokuja, docx itoe siku ile tu mtu amekataa kabisa.