Mkate wa Kambakoche: wa Baridi au wa Moto?

Katika eneo la New England nchini Marekani, mkate wa kambakoche uliozoeleka zaidi ni ule wa jimbo la Maine, ambao nyama yake hupozwa, ikachanganywa na mayonesi kidogo, kisha ikajazwa ndani ya mkate laini uliopasuliwa juu na kukaangwa ubavuni kwa siagi. Wa jimbo la Connecticut, ambao kwa aliyezoea ule wa kwanza ni kioja, huletwa ukiwa moto, nyama ikiwa imerowa siagi iliyoyeyushwa, inayopenya mkate na kuchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono. Mayonesi ikizidi hufunika utamu wa kambakoche, ilhali siagi huukuza. Nachagua wa moto, mradi uliwe upesi kabla mkate haujalegea.