Shujaa Okonkwo: kitabu nilichomsomea baba

Nilikinunua Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, kwenye meza ya muuza vitabu vikuukuu, shilingi elfu sita baada ya kupatana. Jalada limechakaa, kurasa zimegeuka rangi ya chai, na gundi ya mgongoni imekauka kiasi kwamba karatasi mbili zilichomoka palepale nilipokifungua. Muuzaji akataka kunitafutia kitabu kingine kizima zaidi. Nikamwambia kingine sikitaki. Tafsiri hii ya Kiswahili ya Clement Ndulute, iliyotolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1973, nilikuwa nimeitafuta miaka, nikawa naambulia ile ya Kiingereza tu, Things Fall Apart, riwaya ya Mnigeria Chinua Achebe, ambayo nilishaisoma nikiwa sekondari.

Nilikitaka kwa ajili ya baba. Ana miaka sabini na tisa, macho yameingia ukungu, Kiingereza hakijui, na tangu ujana wake anaishi kwa michikichi huko kwetu Kigoma. Mwezi Juni nilipokwenda nyumbani nilikitia kwenye begi, na kila jioni baada ya kula tukakaa barazani, mimi nasoma, yeye anasikiliza. Sura ishirini na tano tulizimaliza kwa siku tisa.

Kwa ambaye hajakisoma: Okonkwo ni mtu wa Umuofia, nchi ya Waigbo, mashariki ya Nigeria ya leo, wakati Wazungu wa misheni na serikali wanaanza kuingia. Alipata jina akiwa kijana wa miaka kumi na minane, alipomwangusha mwanamieleka Amalinze aliyeitwa Paka kwa sababu mgongo wake haukuwahi kugusa ardhi. Baba yake, Unoka, alikuwa mpiga filimbi, mpole, mwenye madeni kila nyumba, na alikufa bila cheo. Okonkwo akaapa kwamba hatakuwa Unoka. Akaanza na mbegu za viazi vikuu vya kuazima, mia nane kutoka kwa tajiri Nwakibie, akalima mpaka akawa na ghala, wake watatu na vyeo. Chochote alichokipenda Unoka yeye alikichukia, na upole ulikuwa mmojawapo.

Niliogopa kwamba ningelazimika kumfafanulia baba kila kitu. Haikuwa hivyo. Pale Waigbo wanaposema kwamba methali ni mawese ya kulia maneno, mzee alicheka kwa raha, kwa sababu mawese anayajua toka mtini mpaka chunguni. Kilichonisumbua ni kola tu, kokwa chungu ya kutafuna anayokatiwa mgeni kabla ya mazungumzo. Nikamwambia ni kama Wahaya wanavyompa mgeni kahawa ya kutafuna. Akaitika, tukaendelea.

Sasa jina. Kichwa cha Kiingereza kinatazama ulimwengu unaosambaratika. Kichwa cha Kiswahili kimemtanguliza mtu, na kimemwita shujaa. Hili limenishughulisha kuliko kitu kingine chochote katika kitabu hiki, maana Kiswahili chetu neno ni hilohilo kwa mtu jasiri na kwa mtu wa kuigwa. Na Achebe anasema wazi, mapema kabisa, kwamba maisha ya Okonkwo yalitawaliwa na woga: woga wa kushindwa, woga wa kuonekana dhaifu kama baba yake. Kwa hiyo unamsoma mtu aliyeitwa shujaa jaladani huku ndani ukiambiwa anaogopa, na kila sura inakulazimisha uamue upya. Sijui kama mfasiri alikusudia hivyo. Kwangu jina hili limekiongezea kitabu thamani.

Ukitaka kupima, pima kwa Ikemefuna. Ni mvulana aliyetolewa na watu wa Mbaino kama fidia ya mwanamke wa Umuofia waliyemuua. Anakaa kwa Okonkwo miaka mitatu. Nwoye, mtoto wa kwanza wa Okonkwo, anampenda kama kaka. Okonkwo mwenyewe anampenda, ila haonyeshi. Kisha nzige wanatua, kijiji kizima kinafurahi, na watatu hao wanakaa pamoja wanatafuna nzige wakavu na Okonkwo anashushia kwa tembo la mgema, pale mzee Ezeudu anapoingia. Anakataa kula. Anamwita Okonkwo nje na kumwambia Umuofia imeamua kumuua mtoto, na asishiriki, kwa sababu mtoto yule anamwita baba. Okonkwo anakwenda. Panga la kwanza linapomshukia Ikemefuna njiani, anakimbilia kwa Okonkwo akilia kwamba baba, wameniua. Okonkwo anachomoa panga lake anamkata. Aliogopa asionekane dhaifu.

Hapo nilisimama. Baba alikaa kimya, kisha akauliza, "Alimwitaje?"

"Baba."

"Leo inatosha, mwanangu."

Kesho yake asubuhi, kabla hata ya chai, akaniambia kwamba mwanaume wa kitabu kile ni yule rafiki, Obierika, aliyekataa kwenda. Nami naona hivyo. Obierika ni mtu wa mila kama wenzake, lakini anajiuliza. Anasema kama mungu ameagiza mtoto auawe, yeye hatabisha, ila hatakuwa mkono wa kuua.

Sehemu ya pili, uhamishoni Mbanta, ndiyo niliyoipenda zaidi safari hii. Bunduki ya Okonkwo imepasuka kwenye mazishi ya Ezeudu na kumuua kijana bila kukusudia, na sheria inamtaka akimbilie kwa wajomba zake miaka saba. Huko Nwoye anavutwa na wimbo wa Wakristo. Wanaosema alidanganywa na Wazungu wasome tena. Alikuwa na maswali yake tangu zamani, juu ya watoto mapacha waliotupwa msituni wakilia na juu ya Ikemefuna, na misheni ilimkuta tayari ana jeraha. Habari inapomfikia baba yake, Okonkwo anamkaba shingo na kumuuliza, "Umetoka wapi?" Anampiga kwa fimbo. Anapomwachia, Nwoye anaondoka na harudi tena.

"Angemuuliza kwanza kama amekula," baba akasema.

Nilishindwa kuendelea kusoma kwa muda. "Umetoka wapi?" ndilo swali nililolisikia utoto wangu wote kutoka kwenye kinywa hichohicho.

Ni vizuri msomaji ajue kwamba Achebe, aliyezaliwa Ogidi mwaka 1930, alikuwa mtoto wa mwalimu wa misheni. Anatoka upande wa akina Nwoye. Lakini kitabu alichokitoa London mwaka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru wa Nigeria, kinaiheshimu nyumba ya Okonkwo, na hakifichi makosa yake. Ndiyo maana ninakiamini.

Lawama ninayo. Mke wa kwanza wa Okonkwo hatajwi jina mpaka mwisho. Ni Mama Nwoye tu. Mara ya kwanza sikuligundua hilo, kwa sababu kwetu kumwita mwanamke Mama fulani ni heshima. Safari hii liliniuma, maana ndiye aliyemlea Ikemefuna. Sehemu ya tatu nayo inakimbia mno. Ningependa kukaa zaidi na Obierika. Na nakala yangu, kama nilivyosema, inamwaga kurasa. Ukiikuta nyingine, hesabu kurasa kabla ya kulipa. Bado nakupa ushauri uinunue, hasa kama nyumbani yupo mtu mzima ambaye Kiingereza kilimnyima vitabu. Isome kwa sauti.

Siku ya tisa tulifika kwenye mti. Okonkwo amejinyonga, watu wake hawaruhusiwi kumgusa kwa sababu kujiua ni uchafu mbele ya ardhi, na Obierika anamwambia mkuu wa wilaya, Mzungu, kwamba amemsukuma kufa mmoja wa watu wakubwa wa Umuofia. Mkuu wa wilaya anaondoka akiwaza kitabu anachotaka kuandika. Mtu huyu anaweza kupata sura nzima, anafikiri, au labda si sura, aya moja tu inatosha.

"Aya ndiyo kiasi gani?" baba akauliza.

Nikaushika mkono wake, nikaupitisha juu ya ukurasa, kutoka mstari aya inapoanza mpaka inapokoma. Mistari minane. Akakiacha kidole pale.

"Rudi mwanzo," akasema. "Pale kwenye mieleka."