Uzoefu wangu wa kutengenezewa programu ya simu mjini Moshi: makadirio yalisema nini na fedha zilikwenda wapi

Ninaendesha biashara ya kukodisha vifaa vya kupandia mlima hapa Moshi: magunia ya kulalia, majaketi, viatu, fimbo na mahema. Wateja wangu wakubwa ni waongoza watalii na kampuni ndogo za safari, na wachache ni wapandaji wanaofika dukani wenyewe. Kampuni ninayoitathmini, ambayo sitaitaja kwa jina kwa kuwa nina malalamiko juu yake, ni ya vijana wa hapa hapa mjini. Walinitengenezea programu ya simu ambayo muongozaji anaitumia kuona vifaa vilivyopo, kuviweka akiba kwa tarehe ya safari na kulipa amana. Kwa jumla nimeridhika nao, na sababu kubwa ya kuridhika ni namna walivyoandika makadirio yao ya gharama.

Nilikuwa nimepokea makadirio kutoka sehemu mbili nyingine, na yote mawili yalikuwa na jumla moja tu mwishoni, mfano wa bei ya safari ya Kilimanjaro isiyosema kama ada za hifadhi zimo au hazimo. Hawa walinipa shilingi milioni 24.6 zilizogawanywa kwa kazi, kila kazi na bei yake, na pembeni wakaandika nini kitatokea ikiondolewa. Hapo ndipo nilipoweza kupunguza. Ramani ya kuonyesha duka na njia za mlimani, milioni 2.2, niliifuta, kwa sababu hakuna muongozaji wa Moshi anayehitaji kuonyeshwa lilipo lango la Machame. Sehemu ya gumzo, milioni 3.4, niliifuta pia, kwani wote tayari wananiandikia kwa WhatsApp. Toleo la iPhone, milioni 2.6, niliahirisha. Ikabaki milioni 16.4: michoro ya kurasa milioni 1.8, programu yenyewe milioni 6.5, seva (kompyuta inayotunza taarifa za programu) pamoja na ukurasa wa msimamizi milioni 4.9, kuunganisha malipo ya simu milioni 1.6, na majaribio pamoja na kuipandisha Play Store milioni 1.6.

Toleo la iPhone lilikuwa nafuu kuliko nilivyotarajia kwa sababu walitumia Flutter, zana ya Google inayowezesha msimbo mmoja, yaani maandishi yanayoiunda programu, kutoa toleo la Android na la iPhone. Hata hivyo Apple hutoza dola 99 kila mwaka kwa akaunti ya mtengenezaji, wakati Google hutoza dola 25 mara moja tu. Kwa kuwa simu za waongozaji na wapagazi ninaowahudumia ni za Android karibu zote, sikuona haja ya kuanza na gharama inayojirudia.

Kodi inastahili kuangaliwa mapema. Kampuni hiyo imesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, biashara yangu haijafikia kiwango cha kusajiliwa, kwa hiyo asilimia 18, yaani shilingi 2,952,000, ilikuwa gharama yangu kamili isiyorudishwa. Kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa huduma haiongezi bei, kwani inakatwa kwenye malipo yao na kupelekwa TRA, lakini iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo ili pasiwe na ubishi siku ya kulipa. Hawa waliiandika bila kuombwa.

Sasa niseme walipokosea. Kwenye makadirio kulikuwa na mstari mmoja unaosema «kuunganisha malipo ya simu». Walikuwa wamekaa dukani kwangu na kuona jinsi tunavyofanya kazi: mteja anaacha amana, anapanda mlima, anarudisha vifaa, anarudishiwa fedha yake. Mstari ule ulihusu kupokea fedha tu. Kumrudishia mteja fedha kwa simu ni huduma nyingine kabisa kwa kampuni za simu, yenye maombi yake, idhini yake na makato yake, na waliponieleza hivyo kazi ilikuwa imeshaanza. Nyongeza ilikuwa shilingi milioni 1.3, na nililipa kutoka katika akiba niliyoitenga kwa mambo yasiyotarajiwa. Mtengenezaji aliyeshuhudia fedha ikirudishwa mkononi alipaswa kuiandika. Isitoshe, kusubiri idhini za malipo kulichukua muda mrefu kuliko kuandika msimbo wenyewe, na ratiba yao haikuonyesha hilo. Bahati ilikuwa kwamba tulichelewa katikati ya masika, wakati wapandaji ni wachache.

Upande wa gharama za kila mwezi walikuwa waangalifu zaidi. Bei yao ilikuwa kwa shilingi, kama kanuni za Machi 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinavyotaka kwa biashara za ndani, lakini seva iko nje ya nchi na inadai dola 24 kwa mwezi. Dola 288 kwa mwaka si nyingi, ila kwa mwaka 2024 na 2025 dola imeyumba kati ya takriban shilingi 2,400 na 2,700, na hesabu hiyo peke yake inatofautiana kwa zaidi ya shilingi 86,000. Walinishauri niweke bajeti kwa kiwango cha juu. Ujumbe mfupi wa kuthibitisha namba nao unalipiwa kila unapotumwa, na kuutuma kwa namba ya nje ni ghali zaidi, kwa hiyo wageni wanathibitishwa kwa barua pepe. Kamisheni ambayo Google hukata kwenye mauzo ndani ya programu haikunihusu, kwa kuwa ninakodisha vitu vya kushikika na si bidhaa za kidijitali.

Jambo nililolipenda zaidi halikuwa kwenye bei kabisa. Nilitaka mteja apige picha pasipoti yake na kuituma kwenye programu. Waliniuliza nitazihifadhi kwa muda gani na nani ataziona, kisha wakanikumbusha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na inayomtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usajili ulibaki kuwa wajibu wangu, kwani majina na namba za simu nazo ni taarifa binafsi, lakini picha za pasipoti tuliziacha. Pasipoti inaangaliwa kaunta na kurudishwa. Tuliokoa nafasi ya kuhifadhi, na mimi nikaondokewa na mzigo wa kulinda nyaraka za watu ambao baada ya wiki moja wako Ulaya.

Akaunti ya Play Store waliifungua kwa jina la kampuni yangu, si lao, na msimbo chanzo uko kwenye akaunti yangu. Akaunti ya kampuni inahitaji namba ya D-U-N-S, namba ya kimataifa ya kuitambulisha biashara, inayopatikana bure lakini kwa kusubiri. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 ina sharti lake: majaribio ya watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Malipo yao tuliyagawa kwa awamu nne, kila awamu ikifungwa na kazi ninayoweza kuishika na kuijaribu kwenye simu ya bei ya chini yenye mtandao dhaifu, na awamu ya mwisho sikuitoa hadi marejesho ya amana yalipofanya kazi.

Matengenezo ni asilimia 15 ya bei ya kazi kwa mwaka, sawa na shilingi 2,460,000. Yanajumuisha kurekebisha hitilafu na kuipandisha programu kila Google inapodai ilenge toleo jipya la Android, jambo linalotokea kila mwaka. Hayajumuishi kipengele kipya chochote, hata kitufe kimoja, na wanalisimamia hilo kwa ukali ambao wengine wataona ni ubahili. Toleo la iPhone nitaliamua baada ya msimu wa Juni hadi Oktoba, nikishaona ni wapandaji wangapi wamekodi bila kupitia kwa muongozaji. Bei ya milioni 2.6 wameniahidi kwa maandishi hadi Desemba.